Chipu Haianzi Upya kwa Sababu Kompyuta Imeanza Upya

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, mizani za vyama vya msingi mkoani Mtwara hazipumziki. Gunia linapandishwa, namba inasomwa, karani anaandika, na mkulima anaondoka na karatasi inayobeba jasho lake la mwaka mzima. Mizani nyingi sasa ni za kidijitali. Ndani yake mna kihisi cha uzito, chipu inayogeuza ishara ya kihisi kuwa namba, na programu inayoisoma namba hiyo. Vifaa vya ukoo huohuo vinazidi kuenea pwani yetu: vipimo vya kina cha maji, vya joto la vyumba vya barafu ya samaki, vya mvua, vya chaji ya betri za sola. Vijana wanaosoma elektroniki chuoni, au wanaojifundisha wenyewe majumbani kwao Ligula na Chikongola, wanaweza leo kutengeneza vifaa hivyo kwa bodi ndogo za kompyuta zinazoendeshwa na Linux. Anayefika mbali huishia kuandika draiva mwenyewe, yaani programu inayozungumza na chipu moja kwa moja.

Makala hii ni yao. Inahusu dhana moja inayoharibu kazi nzuri: draiva kudhani kwamba ikianza kazi itaikuta chipu kama ilivyotoka kiwandani. Mara nyingi haiikuti hivyo, na matokeo yake ni namba za uongo zenye sura ya kweli.

Nani alitangulia kuigusa

Umeme ukifika kwenye bodi, draiva yako ni miongoni mwa wa mwisho kuamka. Inaanza kwanza programu fupi iliyochomwa ndani ya prosesa tangu kiwandani. Hiyo inaiita butiloda, programu ya kuwashia. Kwenye bodi nyingi butiloda ni U-Boot. Raspberry Pi ina programu zake. Kompyuta za mezani zina UEFI. Butiloda inaandaa kumbukumbu, inafungua mapigo ya saa za ndani, inapanga volteji, inasoma kadi ya SD au flashi, pengine inawasha skrini ili nembo ionekane, pengine inaamsha mtandao. Halafu inapakia keneli ya Linux na kuikabidhi mashine. Keneli ndiyo inayoziita draiva, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo kabla draiva yako haijaandika hata biti moja, kuna mikono mingine imeshapita. Tena si ya butiloda peke yake. Huenda dakika moja nyuma palikuwa na keneli nyingine iliyokuwa ikifanya kazi kamili: mtu ameamuru mashine ijiwashe upya, au saa ya ulinzi imeiangusha baada ya programu kukwama, au umeme umeyumba kwa nusu sekunde, volteji ikashuka kiasi cha kuiangusha prosesa lakini si kiasi cha kuizima chipu ya kihisi. Pwani hii chumvi inakula soketi na viungo vya waya, na betri ya sola huchoka alfajiri, kwa hiyo kuyumba kwa namna hiyo ni jambo la kutarajiwa.

Chipu ya nje inaanza upya kwa njia tatu tu: ikikosa umeme kabisa, ikiguswa pini yake ya riseti, au ikipewa amri ya kujiriseti kwa lugha yake. Kama hakuna hata moja lililotokea, prosesa inaweza kuanza upya mara mia na chipu isijue habari hiyo. Itaendelea palepale ilipoachwa, ikiwa na mipangilio ileile, pengine katikati ya sentensi ambayo aliyekuwa akizungumza nayo hakuimaliza.

Mizani kwa karibu

Tuitazame chipu moja ambayo mafundi wengi wameshaishika, HX711. Huuzwa ikiwa juu ya kibodi kidogo, bei yake ndogo, nayo ndiyo roho ya mizani nyingi za kujitengenezea. Ina pini mbili za mazungumzo: DOUT inatoa data, PD_SCK inapokea mapigo. Draiva inapiga mapigo 24 na kupokea namba ya biti 24. Kisha inaongeza pigo moja, mawili au matatu, na idadi hiyo ndiyo inayoiambia chipu isome nini zamu inayofuata. Jumla ya mapigo 25 ni njia A kwa ukuzaji wa mara 128. 26 ni njia B kwa mara 32. 27 ni njia A kwa mara 64.

Chipu hii haina rejista ambayo unaweza kuisoma ili ujue iko kwenye ukuzaji upi. Inashika tu agizo la mwisho la yule aliyeisoma kabla yako. Chukua mizani ambayo programu yake ya jana ilitumia ukuzaji wa 64, na leo umeweka toleo jipya linalotumia 128. Umeiwasha kompyuta upya kwa amri, bila kukata umeme. Draiva mpya inasoma mara ya kwanza ikidhani ni 128, kumbe chipu bado iko kwenye 64, na ishara inayotoka ni nusu ya inayotakiwa.

Kama usomaji huo wa kwanza ndio uliotumika kuweka sifuri, basi kosa limepata makazi. Tuseme bamba la chuma la mizani lina kilo 10. Sifuri imewekwa kana kwamba bamba lina kilo 5. Kuanzia usomaji wa pili chipu imeshahamia 128, kwa hiyo mizani tupu inaonyesha kilo 5 na gunia la kilo 80 linaonyesha 85. Ukigeuza mambo, programu ya zamani ikawa ya 128 na mpya ya 64, uongo unaelekea upande wa pili na mkulima ndiye anayepunjwa. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Namba 85 inapendeza machoni sawa na 80.

Kuna mtego wa pili kwenye chipu hiyohiyo. PD_SCK ikikaa juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60, HX711 inalala. Ikishushwa, inaamka ikiwa imejiriseti: njia A, ukuzaji wa 128. Sasa, kwenye Raspberry Pi iliyotoka kupata umeme, kabla programu yoyote haijagusa pini, GPIO 0 hadi 8 huvutwa juu kwa ndani na GPIO 9 hadi 27 huvutwa chini. Mifano mingi inayosambazwa ya HX711 inatumia GPIO 5 na 6. Maana yake ni kwamba mizani iliyofungwa PD_SCK kwenye GPIO 6 inaanza siku ikiwa imelala, na iliyofungwa kwenye GPIO 17 inaanza siku ikiwa macho. Draiva ni ileile na chipu ni ileile. Tofauti imeletwa na fundi aliyehamisha waya mmoja.

Dawa yake ni fupi. Draiva inapoanza, iinyanyue PD_SCK kwa makusudi, ishikilie, iishushe, kisha isubiri. Maelezo ya chipu yanataka mikrosekunde 60, lakini draiva ya HX711 iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2017 inashikilia milisekunde 10, kwa sababu mwandishi wake aliona kwenye osiloskopu kwamba riseti ikiwa fupi mno usomaji wa kwanza hautulii. Baada ya hapo chipu iliyopangwa kusoma mara 10 kwa sekunde inahitaji milisekunde 400 kutulia. Iliyopangwa kusoma mara 80 inahitaji 50. Usiweke sifuri kabla ya muda huo kupita. Na kwa mizani ya ghalani ningekwenda mbele zaidi: programu isijiwekee sifuri yenyewe kila inapowaka. Sifuri ya urekebishaji ihifadhiwe kwenye faili, na mashine ikiamka na kukuta tofauti kubwa na ile iliyohifadhiwa, iseme wazi kwamba kuna mzigo juu yake au kuna hitilafu, ikatae kupima mpaka mtu aje kuangalia.

Riseti kwanza

Kanuni ninayoitetea ni hii: draiva isiamini hali yoyote iliyoikuta kwenye chipu, isipokuwa ile iliyokabidhiwa kwa maandishi. Nahodha anayepokea jahazi kwa mwenzake Mikindani hatweki tanga kabla ya kukagua kamba na kuchungulia maji ngamani, hata kama mwenzake ni ndugu yake wa damu.

Njia salama kuliko zote ni riseti ya pini. Kama chipu inayo pini hiyo, iunganishe na prosesa tangu unapochora bodi. Usiifunge moja kwa moja kwenye volteji kwa kuokoa waya mmoja. Angalia tu kwamba pini hiyo haichangiwi na chipu nyingine, maana ukiriseti ya kwako utakuwa umeiangusha ya jirani ambayo draiva yake ilishamaliza kazi. Kama hakuna pini, tumia amri ya riseti ambayo chipu nyingi zinayo kwenye rejista. Baada ya kuriseti, subiri muda ulioandikwa kwenye maelezo ya chipu, kisha soma namba ya utambulisho wake ili ujue unazungumza na uliyemkusudia.

Kama hakuna riseti ya aina yoyote, andika kila rejista inayokuhusu, nzima, kwa thamani unayoitaka. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Inavutia kusoma rejista, kubadilisha biti mbili, na kuirudisha, ukidhani unaheshimu zilizobaki. Zile sita zilizobaki hujui nani aliziweka wala kwa nini. Kama maelezo ya chipu hayasemi kwamba biti fulani imetengwa na isiguswe, amua mwenyewe thamani yake na uiandike.

Wanaotumia regmap, maktaba ya Linux inayotunza nakala ya rejista kwenye kumbukumbu, wana mtego wao. Ukiipa regmap jedwali la thamani za kiwandani, itaamini kwamba ndizo zilizomo ndani ya chipu. Butiloda ikiwa imebadilisha rejista moja, nakala inasema sifuri huku chipu inasema moja. Draiva ikiomba biti iwe sifuri, regmap inaangalia nakala yake, inaona ni sifuri tayari, na haiandiki kitu. Utasoma msimbo wako mara kumi na utauona uko sahihi. Ama uiriseti chipu kabla ya kutumia jedwali, ama usiipe regmap jedwali hilo, ili thamani zisomwe kutoka kwenye chipu yenyewe.

Mpangilio wa hatua nao una uzito wake, hasa kwa mikatizo, yaani ile ishara ambayo chipu inaitumia kuiita prosesa. Chipu iliyoachwa ikiwa macho inaweza kuwa imeshaita kabla hujafika. Ukijiandikisha kupokea mikatizo kabla ya kuifunga na kuifuta iliyolundikana, mshughulikiaji wako ataitwa wakati nusu ya draiva haijajengwa. Kama waya wa mkatizo unachangiwa na draiva yako haijapakiwa, mambo ni mabaya zaidi: Linux ikiona mikatizo 99,900 kati ya 100,000 haina mwenyewe, inaufunga mstari huo kabisa, na chipu nyingine iliyokuwa ikiutumia inakosa sauti. Basi funga mikatizo kwenye chipu kwanza, futa iliyobaki, panga rejista, ndipo ujiandikishe, na mwisho kabisa ufungue ile unayoihitaji.

Chipu zinazoandika zenyewe kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, kwa njia iitwayo DMA, zinahitaji tahadhari kubwa kuliko zote. Mfano wake wa wazi ni kompyuta za Mac za mwaka 2011 na 2012. Programu yao ya kuwashia iliamsha kadi ya mtandao isiyo na waya, Broadcom 4331, kila mashine ilipowashwa, na haikuizima ilipoikabidhi mashine kwa mfumo endeshi. Kadi ikaendelea kupokea pakiti hewani na kuziandika kwenye kumbukumbu ambayo sasa ilikuwa mali ya keneli, na ikaendelea kupiga kelele za mikatizo. Mtu aliyekuwa karibu na redio yake angeweza kupenyeza maandishi ndani ya keneli. Kusubiri draiva ya kadi ije kuizima hakukutosha, kwa sababu kwenye mashine nyingine draiva hiyo haikuwekwa kabisa. Mwaka 2016 Linux iliongezewa kipande kinachoiriseti kadi hiyo mapema sana, kabla draiva hazijaanza. Kama wewe ndiye unayeandika butiloda, ama unairekebisha U-Boot kwa bodi yako, hii ni sehemu yako ya kazi: chochote ulichokiwasha chenye DMA, kizime kabla ya kukabidhi.

Visivyotakiwa kuzimwa

Kuriseti kila kitu bila kufikiri ni kosa pia. Kuna hali chache ambazo butiloda imeziacha kwa makusudi.

Volteji ni ya kwanza. Draiva ya kidhibiti cha volteji ikiiriseti chipu yake, inaweza kukata umeme wa kumbukumbu ambayo yenyewe inaendeshwa humo. Kidhibiti kinasomwa kilivyo, na hali yake inapokelewa. Skrini nayo: kama butiloda imeonyesha nembo au ujumbe, draiva inaweza kusoma mipangilio iliyopo na kuendelea nayo, ili picha isizimike na kuwaka. Releyi inayoendesha pampu au kompresa ya chumba cha barafu isigeuzwe kwenda na kurudi kwa sababu tu draiva inaanza. Kompresa inayozimwa na kuwashwa papo hapo inaumia. Linux inaruhusu draiva kuiomba pini ikiwa kama ilivyo, bila kubadili mwelekeo wala kiwango chake, kisha kuamua.

Saa ya ulinzi ndiyo inayosahaulika zaidi. Hii ni saa inayohesabu kurudi nyuma na kuiangusha mashine kama programu haikuigusa kwa wakati. Butiloda nzuri inaiwasha mapema, ili keneli ikikwama njiani mashine ijiokoe. Draiva yake ikiizima inapoanza, ulinzi umeondoka katika dakika zile zenye hatari. Ikiipuuza, mashine itaanguka kabla haijamaliza kuwaka, tena na tena. Inachotakiwa ni kusoma kama saa inakwenda, kuijulisha keneli, na kuiacha Linux iiguse mpaka programu ya juu ichukue jukumu. Kwa kifaa kilichofungwa Msimbati au kwenye kisiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tofauti ya kufanya hivi na kutofanya ni safari nzima ya fundi.

Halafu kuna ushahidi. Chipu ya saa ya kalenda DS3231, inayoishi kwa betri ya kitufe, ina biti moja kwenye rejista ya 0F hekzadesimali, biti ya 7, inayowaka kila mtetemo unaoendesha saa yake unaposimama. Ikiwaka, tarehe iliyomo haiaminiki. Draiva inayofuta biti hiyo kwa kujisafishia uwanja inapoanza imeharibu ushahidi: kuanzia hapo tarehe ya uongo itapokelewa kama ya kweli. Biti hiyo ifutwe tu pale mtu au mtandao unapoweka saa upya. Anayepima kina cha maji pwani hii anajua kwa nini nalisisitiza hili. Wakati wa bamvua bahari ya Mtwara hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo kipimo sahihi chenye saa iliyokosewa kwa saa tatu kinaweza kukuonyesha maji yanajaa wakati yanakupwa. Aprili 25, 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuwatahadharisha watu wa Mtwara na Lindi. Siku kama hiyo kumbukumbu za maji zinahitajika zikiwa na saa yake ya kweli.

Makabidhiano yawe ya maandishi

Nimesema hali inayoaminika ni ile iliyokabidhiwa kwa maandishi. Kwenye bodi za Linux maandishi hayo ni divaisi-trii, faili linaloielezea keneli bodi ina chipu zipi, ziko pini zipi, na kila moja inatakiwa iweje. Kama volteji fulani imewashwa na butiloda na haitakiwi kuzimwa, iandikwe humo. Kama taa ibaki ilivyokutwa, iandikwe. Kisichoandikwa, Linux ina haki ya kukifagia, na kwa kweli hukifagia: mwisho wa kuwaka inazima mapigo ya saa za ndani ambazo hakuna draiva iliyoziomba, na baada ya sekunde 30 hivi inaweza kuzima na volteji zisizo na mwenyewe. Ukiona kifaa kinafanya kazi vizuri kisha kinakufa nusu dakika baada ya kuwaka, shuku volteji hizo. Kikifa mwisho wa kuwaka, ongeza neno clk_ignore_unused kwenye mstari wa amri wa keneli. Tatizo likiondoka, umejua kwamba draiva yako ilikuwa ikiishi kwa saa iliyowashwa na butiloda bila yenyewe kuiomba. Neno hilo ni la uchunguzi. Usilipeleke uwandani kama tiba. Rekebisha draiva iombe inachokihitaji.

Gharama ya kutoandika kwa usahihi ilionekana mwaka 2019. Draiva ya Linux ya chipu za mtandao za Atheros ilianza kuzima ucheleweshaji fulani wa ishara kila divaisi-trii iliposema hautakiwi. Maandishi ya bodi kadhaa yalikuwa na makosa, lakini zilikuwa zikifanya kazi kwa kubahatika, kwa sababu chipu iliamka na ucheleweshaji huo ukiwa umewashwa na hakuna aliyeugusa. Draiva ilipoanza kutii maandishi, mtandao ukakatika. Ilibidi divaisi-trii zirekebishwe, ikiwamo ya bodi ya majaribio ya AM335x ya Texas Instruments. Draiva ilikuwa imefanya vyema.

Njia ya I2C inahitaji neno lake. Prosesa ikianguka katikati ya kusoma chipu ya I2C, chipu inaweza kubaki imeshika waya wa data chini, ikisubiri mapigo yaliyobaki. Hapo hakuna anayeweza kusema chochote kwenye njia hiyo, na kuwasha upya kwa amri hakusaidii. Kabla ya mazungumzo ya kwanza, angalia kama waya wa data uko juu. Kama umeshikwa, piga mapigo 9 kwenye waya wa saa. Chipu itamaliza sentensi yake na kuachia. Linux ina utaratibu huo tayari, lakini unahitaji pini hizo zielezwe kwenye divaisi-trii. Kwa wanaotumia RS-485, waya mrefu wa kupeleka data toka gatini hadi ofisini, tazameni pini inayowasha utumaji: ikivutwa juu wakati wa kuwaka, kifaa chako kinaushika waya na kuwanyamazisha wengine wote. Ongezeni rezista ya kuivuta chini kwenye bodi yenyewe, msitegemee programu.

Na draiva nayo inaacha hali kwa atakayekuja. Flashi kubwa kuliko megabaiti 16 hutumia anwani za baiti 4, wakati programu iliyochomwa ndani ya prosesa nyingi inazungumza kwa baiti 3. Linux ikiiacha flashi kwenye baiti 4 na mashine ikajiwasha upya, prosesa inasoma takataka na bodi haiamki tena mpaka umeme ukatwe. Draiva inapofunga kazi, irudishe chipu kwenye lugha ya mwanzo. Lakini saa ya ulinzi ikiangusha mashine ghafla, draiva haipati nafasi ya kufunga chochote, kwa hiyo flashi ya namna hiyo lazima iwe na pini ya riseti iliyounganishwa.

Kujaribu kabla ya kufunga

Mezani, kwenye umeme tulivu, karibu kila draiva inafaulu. Ijaribu kwa kuikata umeme kabisa kwa dakika kadhaa. Ijaribu kwa amri ya kuwasha upya, mara nyingi mfululizo. Iangushe kwa saa ya ulinzi wakati ikisoma chipu. Ondoa draiva na uirudishe bila kuzima mashine. Shusha volteji polepole kama betri inayochoka alfajiri, kisha ipandishe. Badilisha toleo la butiloda, kwa maana siku moja litabadilishwa na mtu asiyekujua. Kwa kila namna chapisha rejista zote kabla draiva haijagusa kitu na baada ya kumaliza kupanga. Orodha ya kwanza itatofautiana kila mara. Hiyo ni sawa. Orodha ya pili ikitofautiana hata kwa biti moja, draiva haijakamilika.

Kabla ya kufunga kuna pia wa kuzungumza nao. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina makao yake hapahapa Mtwara, na wanaofikiria kupima mito na mikondo ni vyema wazungumze nayo mapema kuhusu mahali pa kupima na namna ya kutunza takwimu. Kwa mizani sheria imeshasema: kipimo chochote cha kuuzia au kununulia sharti kihakikiwe na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mizani uliyoitengeneza mwenyewe ibaki ya mafunzo mpaka hapo. Na kabla hujaipeleka kukaguliwa, pandisha gunia la kilo 80, zima umeme gunia likiwa juu, urudishe, usome. Kama haionyeshi 80 wala haikatai kupima, irudishe mezani.